YAH: MALALAMIKO KUHUSU STADI (BOLTI ISIYO NA KICHWA) ILIYOKATIKA KARAKANANI KWENU NA KUFICHWA KWA GRISI

Buzuruga,
Mwanza.

Meneja,
Karakana ya Pikipiki,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchanja mifugo. Pikipiki yangu ni ya porini, aina ile wanayopanda maafisa ugani, na ndiyo inayonifikisha kwa wafugaji wa Misungwi na Sengerema. Wiki tatu zilizopita niliileta kwenu kubadilishwa beringi za gurudumu la mbele. Nililipa Sh. 45,000 na risiti ninayo.

Siku ya tatu nilivuka na kivuko cha Kamanga. Nilipoanza tu barabara ya vumbi, usukani ukawa unanichezea mikononi. Nikasimama, nikachuchumaa. Chini ya mguu wa kulia wa shokapu, pale kibano kinaposhika ekseli, palikuwa pamepakwa grisi nene kama mtu anayepaka mkate siagi. Nikaifuta kwa kitambaa. Stadi moja kati ya nne ilikuwa imekatika, na nati ya jirani yake nikaizungusha kwa vidole viwili.

Ndugu Meneja, stadi hukatika. Ni chuma cha milimita 6 kilichozama kwenye alumini, na kikikaa miaka na tope hushikana nayo kama kimeota humo. Ingekatika mkononi kwa fundi wenu, akaniita akasema "mzee, hii imekatika", tungeelewana hapo hapo. Lakini grisi haikujipaka yenyewe. Alijua, akafunika, akaniacha niondoke na gurudumu la mbele lililoshikwa nusu.

Hata sababu ya kukatika ilionekana. Kibano kile kina mshale unaotakiwa kuelekea juu. Nati mbili za juu zinakazwa kwanza mpaka kibano kikae, ndipo za chini zifuate, na uwazi mdogo unabaki upande wa chini tu. Nilikikuta kimefungwa kichwa chini miguu juu, uwazi uko juu, na inaonekana mtu alitaka kuuziba kwa nguvu. Nati ya spana namba 10 haitaki mkono mzima, achilia mbali spana iliyoongezewa bomba.

Nilirudi kwenu nikiendesha polepole kama nimebeba mayai. Wakati huo kipande cha stadi kilikuwa bado kimechomoza karibu nusu sentimita. Shemeji yangu anachomelea mageti pale Mabatini, na hajawahi kufungua shokapu maishani mwake, lakini nilipomsimulia alisema hapo hapo: unamwaga oili, unavua mguu, unachomelea nati juu ya kile kipande, joto linailegeza alumini, kinatoka kwa spana. Mafundi wenu walikikata kikawa sawasawa na alumini, wakatoboa tundu lililokwenda upande, kisha wakaingiza kile chuma cha kung'olea stadi zilizokatika. Nacho kikakatikia ndani. Kila fundi anajua chuma hicho ni kigumu mno kwa biti ya kawaida ya drili, kwa hiyo sasa hakitobolewi tena kirahisi. Baadaye nikaambiwa wameweka "gundi ya chuma" na nijaribu hivyo hivyo. Gundi, kwenye gurudumu la mbele! Nilikataa.

Kilichonifanya niandike barua hii ni karatasi mliyonipa Jumamosi: mguu mpya wa shokapu, Sh. 480,000, ulipwe na mteja. Kaunta nikaulizwa stadi moja ina shida gani wakati tatu zipo. Aliyeniuliza hivyo simwombi apande pikipiki yangu kwenda Sengerema. Namwomba aipande tu kutoka Buzuruga hadi Igoma.

Ninachotaka ni hiki. Mpeleke mguu huo, kwa gharama zenu, kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, tundu lipanuliwe kwa kufuata mstari wake, liwekewe bushi yenye hesi (nyuzi za kuingizia skrubu) za milimita 6 na stadi mpya. Akisema alumini imeliwa mno na haifai, basi mguu mpya mnunue ninyi. Stadi tatu zilizobaki zibadilishwe pia, kwa sababu zimevutwa na mkono ule ule. Na Sh. 45,000 yangu irudi.

Nimehifadhi kitambaa chenye grisi, picha za kibano kabla sijakigusa, na ile karatasi yenu ya bei. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 7. Likikosekana, nitavipeleka vyote Tume ya Ushindani.

Pikipiki iko uani kwangu, imekaa juu ya tofali, haina gurudumu la mbele. Mkija kuuchukua mguu, njooni asubuhi. Mchana natembea kwa miguu kutafuta ng'ombe wa karibu.

Wako,

Mteja wenu wa Buzuruga