Daktari wa macho akipewa chuo, tusimlilie

Mhariri,

Daktari bingwa akiteuliwa kuongoza chuo kikuu, hapa Nairobi hawakosi wa kulalamika. Kasomeshwa miaka na mikaka, madaktari wa macho wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi, sasa anaenda kuketi ofisini kutia sahihi na kutuliza migomo! Mimi natibiwa presha ya macho (glakoma), inayokula uoni kimyakimya, foleni naijua, na bado sikubaliani nao.

Mtazame M. Roy Wilson. Alizaliwa Yokohama, mama Mjapani, baba Mmarekani mweusi, akasomea udaktari Harvard na kubobea katika presha ya macho, maradhi yanayotuandama sisi weusi kuliko weupe. Hakutosheka na wagonjwa waliobisha mlangoni. Alikuwa miongoni mwa watafiti wa uchunguzi wa St. Lucia, kisiwa cha Karibi, ambako walipimwa hata watu waliojiona wazima. Matokeo yakachapishwa 1989. Baadaye aliongoza vyuo kadhaa Marekani, cha mwisho Wayne State, jijini Detroit, kuanzia 2013 hadi 2023.

Tunaotibiwa presha ya macho tunakijua kile kipimo cha vinukta. Unazibwa jicho moja, unaweka kidevu kwenye mashine, unapewa kitufe mkononi. Kazia macho taa ya katikati, ukiona nukta, bonyeza. Mara kunakuwa kimya kirefu, unadhani mashine imeharibika. Kumbe nukta zinawaka, wewe ndiye huzioni. Kwenye karatasi inayotoka, daktari anatafuta pale ambapo hukubonyeza.

Mtu aliyezoea kusoma hivyo ndiye ningempa chuo. Waliosajiliwa na waliohitimu, kila chuo kinawajua. Aliyepata nafasi na hakufika je? Aliyesoma muhula mmoja akarudi kwao kwa kukosa karo? Tangu mfumo wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo wa 2023, unaowapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, wengi wamelia kwamba wamepangwa pasipowafaa. Lakini tunaowasikia ni wale wenye nauli ya kufuatilia rufaa.

Sisemi kila daktari anafaa. Wapo wanaokuandikia matone bila kukutazama usoni; huyo hata idara usimpe. Na anayeteuliwa aachiwe walau siku moja ya kliniki kwa wiki, kwa sababu wanafunzi wa uzamili hawajifunzi kupasua mtoto wa jicho kwa kutazama picha ukutani.

Baraza la chuo likimhoji anayetaka unaibu chansela, yaani kukiongoza chuo, awe daktari au mwanauchumi, limuulize: mwaka jana kitivo chako kilipoteza wanafunzi wangapi, na ni wangapi kati yao uliowapigia simu?

Msomaji wako,
Kangemi, Nairobi