Tuelezeni pia sumaku hizi zimepimwaje

Mhariri,

Habari za sumaku zenye unene wa atomu chache huandikwa kwa mtindo uleule: zimegunduliwa, na karibuni zitatuletea kompyuta za ajabu. Kinachoachwa nje ndicho kinachonivutia zaidi, nacho ni jinsi watafiti walivyojua kwamba kipande kile ni sumaku.

Si jambo dogo. Mwaka 1966 wanafizikia Mermin na Wagner walithibitisha kihisabati kwamba katika tabaka bapa, spini za elektroni (kila spini ni kama sumaku ndogo sana, na zikijipanga pamoja kitu huwa sumaku) zikiwa huru kuelekea upande wowote, joto hata liwe dogo namna gani huuvuruga mpangilio wake. Ndiyo maana mwaka 2017 watu walishangaa tabaka moja la kromiamu trayodaidi lilipobaki sumaku hadi kelvini 45, yaani nyuzi 228 za Selsiasi chini ya sifuri. Fuwele hiyo ina mwelekeo inaoupendelea, nao ndio unaozishikilia spini.

Na kuipima ni kibarua. Fuwele kubwa hurushiwa nyutroni, chembe za atomu zisizo na chaji, lakini kipande chembamba hivyo kina atomu chache mno, nyutroni karibu zote hupita tu. Basi humulikwa kwa leza: mwanga unaporudi kutoka kwenye sumaku, mwelekeo wa mtetemo wake huwa umegeuka kidogo sana. Wengine hupitisha juu yake ncha ya almasi yenye kasoro moja, atomu ya naitrojeni kando ya nafasi tupu, inayohisi uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea kuizunguka, hata ukiwa hafifu kabisa. Tena fuwele yenyewe huharibiwa na unyevu wa hewa, hivyo lazima ifunikwe mapema.

Ugumu unazidi kwenye kimiminika cha spini, hali aliyoipendekeza mwanafizikia Philip Anderson mwaka 1973, ambamo spini hazijipangi hata karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho inayowezekana. Utaonyeshaje kitu ambacho dalili yake ni kukosekana kwa mpangilio, ilhali dosari za fuwele nazo huuvuruga? Mwaka 2018 watafiti wa Japani walitangaza kwamba jinsi joto linavyotiririka ndani ya fuwele ya rutheniamu trikloraidi iliyowekwa kwenye uga wa sumaku inaashiria hali hiyo. Maabara nyingine zilipata matokeo tofauti, na mjadala ukaendelea kwa miaka.

Ninaomba, Mhariri, kila habari ya aina hii itaje kifaa kilichotumika, baridi ilikuwa kiasi gani, na kama maabara nyingine imerudia kipimo hicho.

Msomaji wako