Wanangu wa kikundi cha kusoma, mfungueni tena Emma Bovary upande wa madeni

Wanangu,

Habari za mjadala wenu wa Jumamosi zimenifikia. Nimeambiwa mlikuwa mnajadili Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert kuhusu Emma, mke wa tabibu Charles, mkafika mahali hamsikilizani tena: hawa wanasema Emma ni mwanamke asiyetosheka, kapewa mume mpole na mtoto mzima bado anahangaika na wapenzi wa nje, Rodolphe, kisha Léon; wale wanasema Charles alikuwa gogo, na mke wa gogo ana haki ya kutafuta furaha yake. Mimi nimefunda mabinti wengi, na kwa muda mrefu nimekuwa mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ndiyo maana hata nikisoma hadithi jicho langu linakimbilia kwenye hesabu. Na katika habari zote nilizoletewa, sikusikia hata mmoja wenu akimtaja Lheureux, muuza vitambaa wa Yonville, mji mdogo anakoishi Emma.

Rudini mumtazame anavyoingia. Ni magharibi, giza linaanza. Anatandaza mezani skafu tatu za Aljeria, sindano za Kiingereza, viatu vya ukindu na vikombe vya mayai vilivyochongwa kwa vifuu vya nazi. Emma anasema hahitaji kitu. Yule bwana hakasiriki wala hasisitizi. Bei ni ndogo, asema, na malipo hayana haraka. Na wanawake siku zote anaelewana nao. Kisha anashusha sauti na kudokeza kwamba hata fedha taslimu, ikibidi, angeweza kumpa. Anaondoka bila kuuza chochote. Emma anabaki akijisifu moyoni jinsi alivyokuwa na busara siku ile, na msomaji mwenye haraka anafunua ukurasa. Lakini bwana yule amekwisha kupata alichokijia: ameijua nyumba.

Tangu hapo kila moyo wa Emma unapopanda au kushuka, Lheureux yuko mlangoni. Amempenda Rodolphe, anataka kumpa zawadi ya kiboko cha farasi chenye kishikio cha fedha: Lheureux anatoa. Wamepanga kutoroka, anahitaji joho na sanduku la safari: Lheureux. Rodolphe anamtema kwa barua iliyofichwa chini ya kikapu cha matunda, Emma anaanguka kitandani, Charles anakaa ubavuni pake siku 43 asione wagonjwa wengine. Katikati ya msiba huo nani anabisha hodi na bili? Tena bili yenye vitu ambavyo havikuagizwa. Charles anatia sahihi, halafu anakopa juu yake. Baba mkwe anapofariki, Lheureux ndiye anayemnong'oneza Emma kwamba ingefaa awe na hati ya kusimamia mali kwa niaba ya mumewe. Kuanzia hapo sahihi ni ya Emma, na hati za deni zinazaa hati za deni, za zamani zikilipwa kwa mpya, hadi mahakama inapodai faranga 8,000 na dalali anakuja kuorodhesha vyombo vya ndani.

Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Emma haikubaki methali. Anazunguka siku nzima akitafuta fedha. Mwanasheria Guillaumin anataka kulipwa kwa mwili wake, naye anamjibu kwamba ni wa kuhurumiwa, si wa kuuzwa. Jibu hilo mlipigie mstari, nyie mnaomwita malaya. Anakwenda kwa Rodolphe kuomba faranga 3,000, anaambiwa hazipo. Anapotoka pale, Flaubert anasema jambo ambalo mlilipita mbio: Emma hakukumbuka tena kilichomfikisha hapo, yaani suala la fedha, alichosikia ni maumivu ya mapenzi tu. Muda mfupi baadaye anakula sumu ya aseniki kwa konzi. Kwa hiyo ninyi kubishana juu ya mapenzi peke yake mmesahau palepale alipolisahau yeye.

Na hata serikali ya Ufaransa ilisahau. Mwaka 1857 Flaubert alipelekwa mahakamani Paris kwa kosa la kuharibu maadili na kuidhalilisha dini. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alichambua habari za zinaa kwa bidii kubwa. Flaubert aliachiwa tarehe 7 Februari. Pinard angejishughulisha hivyo na yule muuza vitambaa, labda ningemheshimu.

Sasa msinielewe kwamba nawaambia mridhike mkae kimya. Mama yake Charles ndiye aliyetaka Emma azuiwe kusoma riwaya, eti apewe kazi za mikono. Mimi si mkwe wa namna hiyo. Emma alikuwa na haki ya kutaka zaidi. Sheria za Napoleon zilimtaka mke amtii mume, talaka ilikuwa imefutwa Ufaransa tangu 1816 na haikurudi hadi 1884, na mke wa Kifaransa alisubiri mpaka 1965 kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mumewe. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ndoa ya 1971, inayompa mke haki ya kumiliki mali na kuingia mikataba sawa na mwanamume. Mlango uliofungwa kwake kwenu uko wazi. Ila kina Lheureux nao wanapita mlango huohuo.

Mnawajua. Wengine wanaleta vitenge na vyombo ofisini, utalipa mwisho wa mwezi. Wengine wana mikopo ya kausha damu, fedha inaingia kwenye simu kabla chai haijapoa, na asubuhi ya marejesho wanabeba friji na godoro. Nimewaona wanawake wakihama mtaa usiku. Na mara nyingi ukifuatilia chanzo si njaa: ni sare ya harusi, ni mchango wa kicheni pati, ni sofa ya kumwonyesha wifi. Flaubert anasema kwamba Emma alichanganya anasa na furaha za moyo. Swali langu kwenu ni nani aliyekuwa anafaidika na mchanganyiko huo, kwa asilimia ngapi, na kwa sahihi ya nani.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo acheni kwanza Rodolphe na Léon. Chukueni penseli, someni tena kila ukurasa anaotokea Lheureux, upande mmoja andikeni alicholeta, upande wa pili Emma alikuwa katika hali gani siku hiyo. Mkimaliza, rudini kwenye ugomvi wenu kama bado mnautaka. Na yeyote kati yenu mwenye marejesho yanayomnyima usingizi, anipitie nyumbani kabla hajakopa pengine kuyalipa. Sitamuuliza alinunua nini.