Hersh hakuishia Vietnam

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanahabari wa uchunguzi imemtaja Seymour Hersh kwa jambo moja tu: mauaji ya wanakijiji wa My Lai, Vietnam, mikononi mwa wanajeshi wa Marekani, aliyoyafichua Novemba 1969 na kutunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Anastahili sifa hiyo. Lakini mmeiacha kando kazi yake ya 1974, iliyofungua njia ya kufichuliwa kwa njama ya kumuua Patrice Lumumba wa Kongo, na ambayo kwa hiyo inatugusa zaidi sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika.

Tarehe 8 Septemba 1974, katika gazeti la New York Times, Hersh aliandika kwamba utawala wa Nixon uliidhinisha zaidi ya dola milioni 8 kati ya 1970 na 1973 ili shirika la ujasusi la Marekani, CIA, limzuie Rais Salvador Allende kuitawala Chile. Habari hiyo ilitoka kwenye barua ya mbunge mmoja, Michael Harrington, aliyekuwa amesoma ushahidi ambao mkuu wa CIA aliutoa faraghani. Siku chache baadaye Rais Ford, mrithi wa Nixon, alikiri hadharani, akidai kuwa lengo lilikuwa kuvisaidia vyama na magazeti ya upinzani yasife.

Magazeti! Mimi ni msomaji wa magazeti tangu ujana, na hapo ndipo ninapoumia. El Mercurio la Santiago lilipewa takriban dola milioni 1.5 za CIA. Mchile aliyelinunua asubuhi angejuaje kwamba tahariri aliyokuwa akiisoma ilikuwa na mfadhili wa kigeni?

Hata hivyo, yaliyowapata Wachile hayakutosha kuzaa uchunguzi mkubwa. Desemba 22 mwaka huohuo Hersh alifichua kwamba CIA iliwapeleleza Wamarekani wenyewe, wakiwemo wapinzani wa vita vya Vietnam. Hapo ndipo Washington ilipochachamaa. Januari 1975 Seneti iliunda kamati chini ya Frank Church, na kamati hiyo ikafungua mafaili ambayo Hersh mwenyewe hakuyaandikia, likiwemo la Kongo.

Ripoti ya kamati hiyo ya Novemba 1975 inaeleza jinsi mwanasayansi wa CIA alivyofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, Septemba 1960, akiwa na sumu ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Ilikusudiwa kutiwa kwenye chakula chake au dawa yake ya meno. Aliikabidhi kwa mkuu wa kituo cha CIA mjini humo. Haikutumika, na mwishowe ikatupwa Mto Kongo. Ripoti iliwapa wote wawili majina ya bandia. Baadaye ulimwengu uliwajua: Sidney Gottlieb na Larry Devlin. Kamati haikuona ushahidi kwamba CIA ilishiriki mauaji yenyewe ya Januari 17, 1961 kule Katanga, ambako Lumumba alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Lakini nia ya kumuua ilikuwepo, na iliandikwa.

Msimpambe Hersh kama malaika. Aliandika kana kwamba Edward Korry, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Chile, alijua njama za kuchochea mapinduzi ya kijeshi mwaka 1970. Kumbe Korry alikuwa amefichwa njama hizo, na gazeti lilimsafisha kwenye ukurasa wa mbele Februari 1981, jina lake likiwa limekwisha kuchafuka kwa miaka. Na habari yake ya 2023 kuhusu mlipuko wa mabomba ya gesi ya Nord Stream ilikosolewa sana kwa kumtegemea mtoa habari mmoja asiyetajwa. Kwangu mimi, nguvu ya kazi yake ya 1974 ni kwamba iliwalazimisha wakubwa kuapa na kutoa nyaraka. Jina la Hersh likifutwa leo, nyaraka zile zitabaki.

Hapa Kigoma tunaishi na ndugu wengi waliokimbia kutoka ng'ambo ya ziwa. Wazee wao humtaja Lumumba kwa uchungu, lakini wengi hawajawahi kuyasoma yaliyoandikwa kuhusu njama hiyo kwa lugha wanayoielewa. Ripoti ile iko wazi kwa umma. Nawaomba muichapishe sehemu ya Kongo kwa Kiswahili, kwa mfululizo, pamoja na maneno ya mashahidi walioapishwa, si muhtasari wa aya mbili. Niko tayari kusaidia kuitafsiri bila malipo.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kigoma