Wanangu watafiti, angalieni mnachobandika na mnachookota mtandaoni

Wanangu,

Makala ikitoka asubuhi, jioni mmeshaitangaza kwenye makundi kumi. Hilo si baya. Ila hebu itazameni anwani mliyobandika. Mkiwa mmeifungua makala kupitia maktaba ya chuo, mara nyingi jina la seva ya maktaba limo humohumo ndani ya anwani. Asiye wa chuo chenu akibonyeza, anadaiwa nywila, naye anajiendea zake. Bandikeni DOI nzima, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, inayoanza na https://doi.org/. Jarida likihamia kwa mchapishaji mwingine, DOI hurekebishwa ielekee lilikohamia, anwani ya kawaida hufa. Tena mifumo inayofuatilia makala imetajwa wapi mitandaoni huitambua kwa kitambulisho hicho. Picha ya skrini peke yake ni kelele tu.

ORCID nayo, namba ya utambulisho ya mtafiti, jiandikisheni, ni bure: tarakimu 16 zinazowafuata hata mkibadili jina au chuo.

Msipandishe ovyo PDF ya mchapishaji. Mwaka 2013 Elsevier, mchapishaji wa majarida, iliitaka Academia.edu, tovuti ambako watafiti hupandisha makala zao, iondoe maelfu ya makala. Majarida mengi huruhusu nakala ya mwandishi iliyokwisha kukubaliwa, ile ambayo haijapangwa kurasa, iwekwe kwenye hazina ya chuo, pengine baada ya muda fulani. Basi faili hilo litunzeni siku ileile mnayopata barua ya kukubaliwa, maana baada ya mwaka hamtalijua kati ya "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa".

Linalonikera zaidi ni namna mnavyookota maneno ya watu mitandaoni mkayaita data. Mnafuta jina, mnaandika "Mshiriki wa 7", kisha mnamnukuu neno kwa neno. Msomaji akiyatia maneno hayo kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, Mshiriki wa 7 anaibuka na picha yake, pengine na wanawe. Kama hakuridhia, yaelezeni maneno yake kwa lugha yenu, kisha yatafuteni wenyewe kabla ya kutuma makala. Na kundi la WhatsApp si uwanja wa hadhara: kuingizwa kwenye kundi si kupewa ridhaa. Pelekeni jambo hilo kwa kamati ya maadili kabla ya kukusanya, kwani kibali cha kurudi nyuma kwa kawaida hakitolewi.

Tena msitundike tasnifu nzima kwenye mlango mmoja. Mwaka 2023 Twitter ilifunga njia ya bure ambayo watafiti waliitumia kupakua data. Agosti 2024 Meta, yenye Facebook na Instagram, ikaizima CrowdTangle, chombo chake cha kufuatilia machapisho ya hadharani. Pakueni mapema, andikeni tarehe na maneno ya utafutaji mliyotumia.

Dodoso lenye zawadi mkilirusha hadharani, roboti watalijaza. Mtawajua: majibu mengi ndani ya dakika chache, na yale ya kujieleza yanafanana kama mapacha. Wekeni kiungo tofauti kwa kila kundi, ili uchafu ukiingia mjue umetokea mlango gani. Wala msiandike asilimia ya waliojibu, ilhali hamjui walioliona ni wangapi.

Kuhusu akili mnemba nitasema moja. Hubuni marejeo: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haipo. Kila DOI iliyowapa ibonyezeni, msome angalau ikisiri, ndipo muiingize Zotero, programu ya kutunza marejeo.

Mzee wenu