Majimbi yanamea Lamu, adui ni chumvi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie majimbi, mmea tunaoula majani na viazi vyake. Hapa kisiwani wengi wameyakatia tamaa kwa hoja kwamba hatuna mto, tofauti na wenzetu wa Malindi walio na Sabaki. Hoja hiyo si sahihi. Jimbi linataka unyevu wa kudumu na kivuli cha wastani, na ua ulio kati ya kuta ndefu za nyumba zetu unaweza kuyatoa yote mawili. Kinacholiua hapa ni chumvi ya visima na chokaa iliyo ardhini.

Njia ya uhakika ni shimo lililotandikwa nailoni. Chimba mraba wa sentimita 120 kila upande, kina sentimita 50. Tandika nailoni nzito chini na ubavuni, kisha toboa matundu ubavuni tu, sentimita 20 kutoka chini. Maji yaliyo chini ya matundu yatabaki akiba, ya ziada yatatoka. Anayetoboa chini hupoteza maji yote mchangani. Asiyetoboa kabisa huozesha mizizi, kwani maji yaliyotuama huunyima udongo hewa. Nailoni hiyo pia huzuia mizizi ya mwembe wa jirani.

Shimo hilo huchukua ndoo 36 hivi za lita 20: udongo wa shamba 24, samadi 12. Samadi ya punda tunayo tele, lakini ilale miezi mitatu ikinyunyiziwa maji. Mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Usijazie kifusi cha ukuta wa zamani wala mchanga wa pwani. Chokaa hulizuia jimbi kupata madini ya chuma, majani machanga yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, shuku chumvi kwanza. Na makumbi yanayotandazwa juu ya udongo nayo yana hatari yake: yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamekunywa maji ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu na uyabadilishe mara tatu.

Panda mwanzo wa masika. Mbegu ni kichwa cha jimbi chenye kipande chembamba cha kiazi, na vikonyo vilivyokatwa kubaki sentimita 25. Kiache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha kizike sentimita 15. Vichwa vinne vinatosha, vikiachana sentimita 60.

Maji ya udhu, yasiyo na sabuni, ni zawadi kubwa kwa shimo hili. Yaelekeze humo kwa mfereji mdogo. Yasipotosha, ongeza ndoo moja kila baada ya siku mbili, na kila siku wakati wa kaskazi. Maji ya kisima yaonje kwanza: ukihisi chumvi, usiyatie. Kama yameshatiwa, mimina ndoo nne za maji matamu kwa mkupuo, sehemu ya chumvi itoke kwa matundu. Maji yasisimame juu ya udongo, yatazalisha mbu.

Kuhusu jua, mmea upate jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne. Kivuli kizito hutoa majani mapana ya kupendeza na viazi vidogo. Kwa anayetaka mboga tu, hapana neno. Chuma majani mawili kwa wakati mmoja na uache angalau matatu. Viazi huwa tayari kati ya miezi saba na kumi, majani yanapopungua na kuanza kuwa manjano.

Majani na viazi vyote vina chembe kali zinazowasha koo, hivyo vichemshwe hadi vilainike kabisa kabla ya kutiwa nazi. La hatari zaidi ni kuchanganya jimbi na maua ya mapambo yanayofanana nalo. Jani la jimbi huning'inia ncha ikitazama chini, na kikonyo hushika ndani ya jani, mbali kidogo na ukingo. Mengi ya mapambo huinua ncha juu. Usipokuwa na hakika, usinunue mche kwenye kitalu cha maua. Chukua kichwa kwa mtu ambaye nyumbani kwake majimbi hayo yanaliwa.

Mkulima wa bustani,
Lamu