Barua kutoka Muheza: uliniuliza kama inalipa

Muheza, Tanga
Mwisho wa Januari

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Mama mkubwa goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Wasalimie wote hapo Mbagala, na yule mjukuu mwambie mapera yake yapo, ila ndege nao wameshayajua.

Ujumbe wako niliusoma palepale, nikaona hili siwezi kulijibu kwa kidole kimoja kwenye simu. Umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo. Ukistaafu Juni uje kwenye kile kiwanja chenu, uanze na nini. Zile chupa za mboga ulizoziona kwenye video za Wamarekani, maharage na karoti zimepangwa rangi kwa rangi, nasi tunaweza? Na mwisho, je, inalipa? Naanza na la chupa, kwa sababu hilo linaweza kuua mtu.

Usifanye. Wewe ukichorea wanafunzi ramani za mito, mimi darasa la jirani nilikuwa nafundisha sayansi kimu, kwa hiyo hapa nisikilize. Maharage, karoti, mchicha, mahindi mabichi, vyote havina uchachu. Ukivifunga kwenye chupa isiyopitisha hewa, kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum ambacho mazingira hayo ndiyo kinayoyapenda. Chenyewe hufa kwa moto, lakini vimbegu vyake havifi kwenye maji yanayochemka, hata uchochee mpaka kuni ziishe. Vinataka joto la nyuzi 121 hivi, na hilo linapatikana kwa mvuke wa presha, kwenye mtambo uliopimwa kwa kazi hiyo. Sufuria yako ya kuchemshia makande haitoshi. Na sumu yenyewe haina harufu, wala huioni. Tena wewe wa jiografia utanielewa: kule Lushoto, kwa urefu ule, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hata 100 hayafiki.

Mpaka wanaoutumia wataalamu ni pH 4.6, na pH ni kipimo cha uchachu. Vilivyo chini ya hapo, yaani vichachu kama achari na jamu, kijidudu hicho hakioti ndani yake, na maji ya kuchemka yanatosha kusafishia chupa na kuifunga. Vilivyo juu ya hapo, kausha au vipike vikiwa vibichi. Bibi zetu hawakuijua pH, lakini hukumkuta hata mmoja amefunga kunde kwenye chupa. Kunde walianika.

Na ndiyo kazi tuliyonayo sasa. Vuli imepita, masika bado, jua la kaskazi linachoma na upepo umekauka. Kila jamvi hapa kijijini lina kitu juu yake. Jirani zangu wana makopa, muhogo wameumenya, wameuchana na kuutandaza. Makopa ya muhogo mtamu, maana ule mchungu lazima uloweke siku kadhaa kwanza utoe sumu, na ukiona mtu ana haraka na muhogo mchungu, usile kwake. Mimi nina majani ya kunde. Nayachovya kwenye maji ya moto yenye chumvi kama dakika mbili, nachuja, kisha nayaweka kivulini penye upepo, juu ya chekeche la wavu. Kivulini, nakukumbusha, si juani. Jua kali linaharibu ile rangi na linaondoka na vitamini A. Ndiyo maana mboga kavu ya sokoni mara nyingi ni ya kahawia na inanuka vumbi, na watu wanadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Yangu ukiiloweka Aprili na kuipika na nazi, utauliza nimechuma saa ngapi.

Achari ya embe nimeshamaliza. Hiyo ni kazi ya Novemba na Desemba, embe zikiwa ngumu na kokwa bado laini. Nakata vipande na ganda lake, natia chumvi bila huruma, naanika juani mpaka vinyauke, halafu pilipili, bizari, kitunguu saumu na siki ya kutosha, mwisho mafuta yafunike juu. Kipande kikichungulia nje ya mafuta, ukungu unaanzia hapo. Pilipili manga na mdalasini nanunua kwa wanaoshuka kutoka Amani, maana vya dukani vya pakiti vimeshachoka.

Masika yakianza, Machi hivi, hakuna tena kinachokauka. Hata nguo zinanuka uvundo. Asubuhi ni jembe, mchana mvua, na hapo mikono inahamia kwenye ukindu. Lakini ukindu wenyewe unakatwa sasa hivi, kwa hiyo nikikuambia kaskazi ni msimu wa kuanika, mikeka nayo imo humo. Unashuka bondeni penye unyevu iliko mikindu, unachukua lile jani la katikati ambalo halijafunguka. Moja kwa kila mti, si zaidi, mkindu ukiukata moyo wote unadumaa, na siku hizi wakataji ni wengi kuliko mikindu. Unaanika mpaka upauke mweupe, unauchana kwa kucha au sindano, ule wa rangi unauchemsha na rangi na chumvi kidogo, kisha unaufunga na kuuweka mahali pakavu kusubiri mvua.

Unajua kwa nini kusubiri mvua? Ukindu mkavu wakati wa kaskazi unakatika ukiukunja. Wanaosuka sasa hivi lazima waunyunyizie maji na kuufunga kwenye kanga yenye unyevu. Masika hewa yenyewe inaulainisha, ukili, ule utepe wa kusuka, unatoka mwembamba na umebana. Mama mkubwa haangalii hata mikono yake, anasuka huku anakusuta, na ukimkatiza hasahau alipofika, si kwenye ukili wala kwenye masuto. Mimi bado wa kawa na vipepeo vya moto. Ukili nasuka vizuri, lakini kuushona uwe mkeka ulionyooka ni jambo jingine. Mstari ukipinda mwanzo, unapinda mpaka mwisho, na mkeka unakaa sakafuni umejikunja pembe. Mkeka wa kwanza kukalia ulipokuja likizo ni wa mama mkubwa, usinisifu bure.

Halafu kipupwe, na machungwa. Hapa ndipo utakapofikia wewe, kwa hiyo soma vizuri. Kuanzia Juni Muheza yote ni machungwa. Unayaona barabarani tangu Segera, bei imelala chini, na bado mengine yanaoza chini ya miti kwa sababu malori yamechagua makubwa. Watu wanafikiria juisi. Juisi ya nyumbani bila friji haifiki kesho kutwa. Jamu ya machungwa yenye maganda yake ndiyo inayokaa mwaka, na chungwa la Muheza lina kasoro moja tu kwa kazi hiyo, utamu. Linahitaji ndimu. Kwa kilo ya machungwa mimi natia ndimu nne, maji lita moja na nusu, sukari kilo moja na nusu.

Kata maganda membamba, mbegu zote zifunge kwenye kitambaa safi uzitumbukize humohumo, maana kinachogandisha jamu, pektini, kimo kwenye mbegu na ile nyama nyeupe ya ganda. Laza kwenye yale maji usiku kucha. Kesho yake chemsha taratibu mpaka ganda libonyee kwa vidole, ndipo utie sukari. Usitangulize sukari, ganda likiisha kukutana nayo halilainiki tena. Kisha moto mkali, mpaka nyuzi 104 au 105 kama una kipimajoto. Kama huna, weka kisahani juu ya mtungi wa maji kipoe, dondoshea tone, lisukume kwa kidole. Likikunjana, ipua. Chupa ziwe zimechemshwa dakika kumi na bado za moto unapojaza, jamu ya moto kwenye chupa baridi utaokota vigae.

Vuli nitakueleza ukishafika. Ni mahindi ya msimu mfupi, kunde na palizi. Na palizi.

Sasa swali lako la kwanza. Ukija Juni usilime mahindi, umeshachelewa, ya masika yanapandwa Machi. Anza na bustani ya kumwagilia karibu na jiko: matembele, mchicha, bamia, nyanya chungu. Nyanya zenyewe Juni ni wakati wake pia, kwa sababu wakati wa masika bakajani linazimaliza zikiwa mbichi. Panda mndimu siku ileile unayoshusha mizigo. Mahindi subiri Oktoba, na mbegu nitakupa mimi, ninayo Staha, si chotara, kwa hiyo unaweza kuchagua mahindi mazuri na kupanda tena mwaka unaofuata. Mahindi ya mbegu yanakaa darini juu ya moto, moshi unafukuza wadudu. Ya kula yapukuchue, yakauke kabisa, uyatie kwenye ule mfuko wa matabaka unaofungwa hewa isiingie. Dumuzi wa siku hizi, yule waliyempa jina la lori la Scania, hana mchezo.

Na je, inalipa? Shoga, kila anayekuja hapa, hata wanangu, anashika chupa ya achari na kuniambia, “Mama, hii weka lebo.” Sikatai. SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji, TBS, wale wa viwango, wana alama yao, na mwenye nguvu za kufuatilia afuatilie. Huo uamuzi uko mbali na bustani. Ni jengo la kusindikia lenye vipimo vyake, ni chupa mpya kila mara, na chupa mpya yenye kifuniko inaweza kukugharimu kuliko kilichomo ndani. Mkeka nao ukihesabu saa zote, kuanzia bondeni mpaka kushona, hakuna bei utakayotaja mteja asishike kiuno. Atakuambia wa plastiki unauzwa nusu ya hapo, na kweli unauzwa.

Kwangu mimi hesabu iko upande wa pili wa daftari. Aprili na Mei, barabara ikiwa tope na mboga sokoni imepanda, mimi sinunui. Sinunui mboga, wala kitoweo cha kuchangamshia wali, wala kifumbu, wala kawa, wala zawadi ya harusi. Pensheni inakaa. Mtu akifiwa napeleka makopa, akijifungua napeleka ndizi na chupa ya jamu, na fadhila zangu nazo zinarudi kwa njia hiyohiyo, maana mwaka jana nilipougua, palizi yangu waliimaliza wengine bila kuitwa. Hiyo sijui uiandike safu gani. Ukitaka mshahara wa pili, baki mjini ufundishe tuisheni, nakuambia kweli. Ukitaka mshahara ulio nao ufike mwisho wa mwezi, njoo.

Ila usije na mikono mitupu. Kuanzia leo usitupe chupa yoyote ya kioo yenye kifuniko cha chuma, ya jamu, ya mayonizi, ya kahawa, na waambie majirani. Vifuniko viangalie, chenye kutu au kilichopinda acha hukohuko. Zifunge na magazeti, uzitie kwenye kiroba, konda akikutoza mlipe. Na sukari nunua huko kwa jumla kama bei ni nzuri, unijulishe mapema, nami nitajua nikubakizie machungwa ya miti mingapi.

Mama mkubwa anasema ukija usivae vile viatu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Muheza